Neno Moja Katika Katiba

Filadelfia, Septemba 1787

Dada Tamar mpenzi,

Sisi tu wazima. Mtoto ameota meno na analia kutwa.

Juzi Katiba mpya ilitoka gazetini. Mume wangu Ishmael akatusomea mezani: "Sisi, watu..." Akanitania, "Mama Yuda, leo na wewe umeandikwa." Tukacheka. Karibu na mwisho akaliweka gazeti chini.

"Mbona umeacha?" nikamuuliza.

"Wanasema anayetumikishwa akitorokea jimbo jingine, lazima arudishwe kwa bwana wake."

Unajua alivyotoroka utumwani Virginia. Nikasema labda hawasemi watumwa, maana neno lenyewe halimo.

"Halimo," akasema. "Wameandika 'mtu'. Ndiye mimi huyo."

Nikataka tuhamie kwako Boston, ambako utumwa umekwisha. Akasema majimbo yakishaikubali Katiba, Boston nako ni yaleyale. Kila asubuhi anakwenda kushona viatu kama kawaida, nami nashinda dirishani mpaka arudi.

Ukishasoma barua hii, ichome. Ukijibu, usimtaje jina. Andika "shemeji" tu.

Mdogo wako,
Keziah