Sahani ya Grégoire

Bukavu, 9 novemba 1957

Dada yangu Domitille,

Nakusalimia wewe na watoto huko Katana. Mimi niko muzima, kazi ya kupeleka chakula kwa meza za Wazungu inaendelea. Nilikununulia kitenge, jirani yangu Papa Léopold atakuletea pamoja na chumvi.

Jumamosi iliyopita bwana yako Grégoire aliingia mu restora yetu kwa mulango wa mbele, na kostimu yake, na karte mupya ya évolué, ile serikali inapatia mutu mweusi aliyesoma na inamuruhusu kukaa na Wazungu. Patron aliisoma mara mbili, akamuonyesha meza. Nilimupelekea samaki. Akaniambia pole pole, "Shemeki, leo niko mugeni wako." Nilifurahi sana. Wazungu wakaacha meza zao, wakahamia baraza.

Alipomaliza kula, patron aliniambia nivunje ile sahani pale pale, watu wa baraza waone kama hakuna Muzungu atakulia tena mu sahani ya mutu mweusi. Niliivunja, Domitille. Grégoire alikunja serviette ya kupangusa midomo vizuri, akanishukuru kwa Kifaransa, kama mutu asiyenijua.

Atafika kwako Noeli. Kama anakataa sahani, umupe chakula kwa jani la mugomba, na usimuulize kitu.

Ni mimi ndugu yako,
Pascal