Kwa Mzee Wembe, Kinyozi, Aliyemwachia Mdogo Wake Duka

Mwaka umetimia, Baba Watoto, tangu ututoke, na bado wapo wanaosema ulizaliwa kinyozi kwa kuwa ukoo wenu ni Wembe. Watu wazima, na ndevu zao, wanaamini jina la ukoo linaweza kunyoa.

Ulikuwa mpole. Watoto walioogopa mashine uliwaanzia kwa kuipitisha kwenye kidevu chako mwenyewe ili waone haiumi. Kila mteja ulimpuliza shingo kabla ya kumvua kitambaa. Mashati yako niliyafua miaka yote na harufu ya poda haikutoka.

Ila kazi ile hukuirithi, uliisotea. Mimi nilikuwepo. Mwanzoni uliwatoa watu damu masikioni, mpaka nikawa nakuletea kaka yangu ujifunzie kichwani kwake. Maskini, alikuwa akija kwa heshima yangu tu.

Sasa ulipatwa na nini? Ulituita kitandani ukasema, "Duka libaki kwa Wembe." Wakati huo binti yetu amekushika kidevu, anakunyoa, maana hukutaka mtu mwingine akuguse. Miaka yote alisimama nawe dukani. Lakini ameolewa, anatumia jina la mumewe, basi ukamruka ukampa mdogo wako. Binti alimaliza kukunyoa, akakufuta povu, akatoka nje kulia.

Mdogo wako ni muuza magodoro. Wembe aliouzoea ni wa kukatia kamba. Alivaa koti lako akajitazama kwenye kioo weee, kama bwana harusi. Mteja akiuliza, "Kaka, mbona upande huu umepanda juu?" anajibiwa, "Sisi kina Wembe ndivyo tunavyokata." Na mazuzu hao wanalipa, wanavaa kofia, wanarudi tena.

Halafu akaja kwa binti yako bila haya. "Njoo unisaidie, mwanangu, ila ukae nyuma ya pazia. Watu wanafuata jina." Nilimjibu mimi, na maneno yale hayafai kuandikwa hapa.

Duka lilikuwa lako, ukampa uliyemtaka. Lakini kiti cha kunyolea, kile cha kuzunguka, ni changu, nilipewa na marehemu baba yangu, na wewe unajua. Jumamosi tulikwenda na mkokoteni, duka limejaa, tukamwomba mteja aliyekikalia asimame na povu lake. Akasimama, akatufuata hadi nyumbani. Binti yako alimmalizia barazani, na tangu siku hiyo ananyoa hapo. Ubao wenye jina lenu hatukuugusa. Mdogo wako anao, anolee wembe wake hapo.

Wanaokukumbuka ni mkeo, binti yako kinyozi, mkweo, na wajukuu wako ambao nywele zao za kwanza ulizinyoa wewe. Mdogo wako aliomba naye atajwe. Tumemkatalia.

Tunakupenda, na hatutakusahau maishani. Na hili ulilomfanyia mwanao, hatutalisahau pia.