Damu ya Babu au Miavuli ya Bibi?

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijavunja nyumba ya mwanangu. Nina miaka sitini na minne, nakaa hapa hapa mjini Kanazawa, na mke wa mwanangu, Satomi, ni mtoto wa mwizi, tena si siri, alitueleza mwenyewe kabla ya harusi kwamba baba yake alifungwa kwa kuvunja nyumba za watu, nami nikanyamaza kwa kuwa mwanangu alikuwa hasikii la mtu, lakini moyoni nikasema damu hiyo itajitokeza tu, na sasa imejitokeza! Mjukuu wangu Nagi, miaka sita, ninayemchukua chekechea kila siku, Jumanne alitoka na mwavuli wa kijani wenye vyura, si wake. Nikamuuliza, "We Nagi, huu wa nani?" Akanijibu bila kupepesa macho, "Sijui, Bibi. Mvua inanyesha, nimechukua wa karibu. Nimekuletea wewe." Nilitetemeka! Sijawahi kumwona huyo babu yake, lakini nina hakika sura ni ile ile. Nikawaambia asije tena kwangu, na jana alilia mlangoni, sikufungua. Sasa nataka mwanangu amwache huyo mwanamke kabla hawajazaa mwingine. Usinione nina roho mbaya, mimi sijawahi kuchukua cha mtu, ukitoa ile miavuli ya plastiki ya milangoni madukani, ambayo kila mtu anajua haina mwenyewe, unachukua ulio karibu basi, ninayo kumi na mmoja. Nifanye nini?

Bibi mwenye Wasiwasi

*

Bibi, pole. Kusikia mjukuu analia nje ya mlango wako kunauma, hata kwa anayejifanya hasikii. Sasa kaa chini nikuseme.

Mtu anaweza kurithi hasira, au papara, sikatai. Lakini hakuna anayezaliwa anajua kuchukua "wa karibu". Hilo hufundishwa, na huyo babu hajamfundisha Nagi hata kushika vijiti vya kulia. Nani yuko naye kila mvua ikinyesha? Kumi na mmoja, jamani! Mtoto aliiba ili akufurahishe wewe, nawe ukamfungia mlango.

Ndoa ya mwanao usiiguse. Kesho nenda kwa Satomi, uiname vizuri, umwombe radhi. Yeye alisema ukweli wa kwao kabla ya harusi. Wewe habari ya miavuli ulimwambia lini? Kisha mshike Nagi mkono, mkaanze kuurudisha ule wa vyura, maana kuna mtoto analoa huko. Wewe ndiye useme samahani kwanza, yeye asikie inavyosemwa. Ya madukani irudishe mlango kwa mlango, na ile usiyokumbuka ilikotoka uipeleke kituo cha polisi cha mtaani. Ndiyo, polisi. Usitetemeke tena.

Na kama upo mmoja wenye utepe wa zambarau mpinini, uliopotea Novemba mlangoni pa duka la tofu, huo usiupeleke polisi. Mpe Nagi aniletee hapa gazetini kwa mkono wake. Nitamwambia asante mbele yako, uone damu ya mwizi inavyotabasamu.