Chunusi Yangu na Kucha za Mama Yusto

Atu, nimetoka kwa kina Yusto sasa hivi. Niko kijiweni kwa bodaboda hapa Izia, nanawa uso kwa maji ya kunywa.

Mama yake kanikamua chunusi. Mama mkwe mtarajiwa, Atu. Kanikamua.

Nimeingia jikoni kumwamkia, namkuta anaparua samaki, migebuka, kwa kucha zake. Kaitikia marahaba huku kanikazia macho kidevuni. "Mtu mzima hivi bado unaota chunusi?"

Nikamweleza daktari kasema ni homoni, hata watu wazima zinawatoka, nina dawa ya kupaka na nisiziguse kabisa.

Akasema, "Ngoja."

Na kucha zilezile, Atu. Zina magamba. Ikapasuka. Akautazama usaha, akaupangusa kwenye kitenge chake, akarudi kuparua.

Hao samaki ndio tumekula.

Mezani nikamwangalia Yusto anitetee. Anacheka tu. Mama yake akasema, "Huyu namkamua mgongo kila Jumapili tukitoka misa, na wala hatoi sauti."

Ana miaka thelathini na sita, Atu.

Halafu mama akanishika mkono, kwa upole kabisa: "Ukishaolewa, huo mgongo nakukabidhi wewe."