Miguu ya Kitwitwi

3 Novemba

Mwanangu kitindamimba,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, isipokuwa goti langu, na goti halijawahi kumwua mtu. Wewe je, yale mafua yamekuachia?

Hesabu ya mwezi huu ni hii. Kwenye bwawa la tatu la chumvi, vitwitwi wa miguu myeusi mia mbili na sita. Wa miguu ya njano, arobaini na mmoja! Miaka ishirini na miwili ninawahesabu, hawajawahi kupita tisa. Waambie wenzako wa ofisi ya ndege wakae chini kabla ya kusoma.

Najua watasema mzee kawachanganya, maana ndege wenyewe hawazidi ngumi ya mtoto na wamefanana kama mapacha. Lakini wewe nilikufundisha. Mweusi hukimbia huku na huku kama aliyeacha maziwa jikoni. Wa njano hunyata, magoti kayakunja, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Wakiruka, wa kwanza husema "tit" basi. Wa pili huacha mlio mrefu, "trrrr", kama njuga.

Baba yako

21 Novemba

Shikamoo Baba,

Mafua yamepona. Pole na goti.

Baba, mkuu wa ofisi ameikataa hesabu yako. Zipo picha zilizopigwa bwawani siku ileile, na ndege wote miguu ni myeusi. Wote. Nikakutetea mpaka nikaishiwa maneno.

Halafu nikaitazama tena barua yako. Mwandiko si wako, ni wa shangazi. Nikampigia simu. Kasema siku hizi unamimina chai nje ya kikombe. Baba, niambie ukweli: hiyo miguu uliiona?

Binti yako

4 Desemba

Mwanangu,

Tu wazima. Shangazi yako anaandika huku ananikunjia uso, ila kaahidi kuandika kila neno.

Sikuiona. Jicho la kulia lilizima mwaka juzi. La kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye chupa chafu. Mweusi na wa njano nawatenganisha kwa sikio. Niliandika "miguu ya njano" kwa kuwa karatasi yenu haina pa kuandika sauti.

Sikuthubutu kukuambia. Ningekuambia nini? Kwamba mwalimu wako kapofuka? Lakini wale arobaini na mmoja walikuwepo. Niliwasikia mmoja mmoja walipotua. Mwanangu, nichape kama ni kunichapa, ila usinitoe kwenye daftari.

Baba yako

20 Desemba

Kwa Baba,

Natumaini u mzima. Nimeagizwa kukujulisha kwamba hesabu zako za miaka miwili zimefutwa, kwa kuwa mhesabuji haaminiki kwa macho. Bwana mmoja atakuja kushika nafasi yako. Tafadhali mkabidhi darubini.

Jina lako nimelikata mimi mwenyewe. Nilidhani ni afadhali nilikate mimi kuliko mtu baki.

Baba, ungeniambia mapema.

Binti yako

14 Januari

Shikamoo Baba,

Mbona kimya? Shangazi anasema unakula, unalala, hutaki kuzungumza. Nijibu japo mstari mmoja. Hata wa kunitukana.

Binti yako

11 Februari

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Simu ya shangazi haipatikani, ndiyo maana naandika.

Yule bwana mpya alitega nyavu bwawa la tatu. Walionaswa wote walikuwa na miguu myeusi. Akamtia mmoja kwenye ndoo ya maji amsafishe, tope likatoka, miguu ikawa njano kama ndimu mbivu. Akawasafisha wote. Thelathini na wanane wa njano, Baba! Ni tope la bwawa lililotudanganya sisi wenye macho. Wewe hukudanganyika.

Jina lako nimelirudisha leo asubuhi. Nisamehe.

Binti yako

2 Machi

Baba,

Hata lile la tope hulijibu? Likizo nimenyimwa mpaka mwezi wa nne. Niambie umelisikia.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Salamu. Mwili mzima, macho yamefunga yote mawili. Anaandika shangazi yako.

Barua zako tatu za mwaka huu ziko kwenye droo, hazijafunguliwa. Nimemkataza kunisomea. Ile ya Desemba alinisomea yule bwana aliyefuata darubini, maana shangazi alikuwa kaenda kliniki. Akafika kwenye "haaminiki", akasita. Nikamwambia endelea, bwana, hiyo ni barua ya mwanangu. Akaendelea. Tangu siku hiyo sitaki mtu mwingine anisomee unavyonisema.

Usihangaike kunitetea tena. Nimekubali kwamba nilikosea. Kama wewe umesema wale ndege hawakuwepo, basi hawakuwepo. Juzi walipita juu ya paa, nikasikia njuga, nikajiambia: mzee, na masikio nayo yamekwisha. Nikaingia ndani nikafunga dirisha.

Ukija, hizo barua utanisomea wewe mwenyewe, kwa sauti yako. Lakini kwanza niambie jambo moja, ndipo nitakaa nisikilize mengine. Ulipolikata jina langu, mkono wako ulitetemeka?

Baba yako