Fimbo ya Kulia Chakula

Mtwara, Jumapili baada ya ibada

Kwa mama yangu,

Mugonile, mama. Shikamoo. Mguu unaendeleaje, ule uliovimba ulipotoka kuvuna? Nasikia mvua haijakoma huko Busale na maji yameingia tena kwenye majaruba ya chini. Kakao mnaianikaje bila jua? Sisi huku tupo. Daudi ni mzima, kazi ya ghala la korosho inaendelea, na mimi cherehani bado inanilisha. Bupe yuko darasa la kwanza, ameshajua kuandika jina lake. Hakuna mwenye homa. Shida iliyopo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Ukipandisha sauti kidogo tu narudi kuwa mtoto, naitikia "ndiyo mama" hata kwa jambo ninalolikataa. Juzi uliposema, "Mjukuu wangu nimemwona kwenye picha amekwisha, shule ikifungwa mrudishe huku nimnenepeshe," nilinyamaza, ukadhani mtandao umekata. Haukukata. Nilikuwa nakataa. Bupe harudi kukaa kwako, mama. Nakueleza sababu, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujamwambia dada Sekela anipigie.

Siku alipofika hapa kutoka kwako, baada ya miaka mitatu, watu wa mtaa walitoka nje kumtazama. Mashavu yale! Walisema kweli huyu amelelewa na bibi. Nilivimba kwa fahari. Nilipika wali na samaki, nikatandika mkeka, nikamwekea sahani yake. Bupe alikaa, akaweka mikono juu ya mapaja, akafumba macho, akafungua mdomo.

Daudi alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua.

Nikamwambia, "Kula mwenyewe, mwanangu." Akafumbua macho, akatazama huku na huku, akauliza, "Fimbo iko wapi?"

"Fimbo gani?"

"Ya kulia chakula."

Neno kulia lina maana mbili, mama, na mtoto hakukosea hata moja.

Hapo Daudi aliacha kucheka. Akasema pole pole, "Hapa hatuna fimbo." Unafikiri mtoto alifurahi? Aliogopa. Alikula haraka haraka bila kutafuna, macho kwenye mkono wangu, akamaliza sahani nzima, akaenda nyuma ya nyumba akatapika yote. Kisha akarudi kuniambia, "Nimemaliza mama." Ikawa hivyo siku baada ya siku.

Shuleni mwalimu wake aliniita. Akaniambia, "Mama Bupe, huyu mtoto nilidhani hajui kitu, maana ukimwuliza hajibu. Leo nimemwambia afungue mdomo. Njoo uone." Shavuni alikuwa na kipande cha kiazi alichokula nyumbani asubuhi. Ilikuwa karibu saa tano. Alikaa nacho muda wote huo, hakukimeza, hakukitema. Alisema akitema atapigwa. Watoto wenzake walikuwa wanacheka. Nilitamani ardhi inimeze, na nilikuwa na hasira na wewe kiasi kwamba nilipita nje ya kanisa nikashindwa kuingia.

Usiseme nimesahau nilikotoka. Nakumbuka vizuri kuliko unavyodhani. Nakumbuka umenilaza mapajani, mguu wako mmoja juu ya miguu yangu, kichwa changu kimebanwa kwenye kiwiko, kiganja chako kimekuwa mfereji wa uji mdomoni mwangu. Nikiziba mdomo, unabana pua. Nilikuwa natafuta hewa napata uji. Mpaka leo uji wa mchele ukichemka kwa jirani mimi natoka nje. Daudi alidhani naringa. Nilipojifungua Bupe na wanawake wakaniletea uji, niliumwaga wakiondoka, nikalala njaa na mtoto kifuani.

Na kuhusu Ambele najua. Wewe hukuwahi kutuambia. Aliyeniambia ni shangazi, siku tuliyokuwa tunapepeta mpunga wawili tu. Kwamba mdogo wangu aligoma kula, ukambembeleza, ukamwacha apumzike kwa sababu alikuwa anaumwa, na baada ya siku chache akafa. Kwamba msibani wanawake walisema, mbele yako, "Huyu hakulishwa." Nilikulilia siku ile, mama. Nikaelewa kwa nini kila sufuria ikitelekwa nyumbani kwetu wewe unakuwa kama askari. Nimeelewa, mama, lakini hasira haijaisha. Ambele aliuawa na ugonjwa. Mimi na Sekela hatukumuua, na Bupe hata hakumjua.

Sasa sikiliza langu, maana siandiki barua hii nikiwa msafi.

Kwanza, ni mimi niliyekuwa nakuambia, "Mama, endelea hivyo hivyo." Kila picha uliyotuma nilipita nayo kwa wateja wangu: mwoneni mwanangu. Sikukuuliza hata siku moja unamlishaje. Sikuuliza kwa sababu nilijua jibu, na mashavu niliyapenda.

Pili, nilipomwacha ale bila fimbo, alianza kukonda. Mama mkwe alikuja kututembelea, akamshika mkono akaupima kwa vidole, akasema mbele ya Daudi, "Mnamnyima huyu?" Daudi alitazama chini. Niliona msiba, niliona wanawake wamekaa, niliwasikia kabisa wanavyosema.

Jumamosi iliyofuata nilipika wali wa nazi na wale dagaa wa usipa ulionitumia. Ilikuwa mchana, Daudi yuko kazini. Bupe alikula matonge mawili akasema tumbo limejaa. Nikambembeleza. Nikamwahidi soda. Nikamwambia nitamwita askari. Akatikisa kichwa. Mama, sijui nilifikaje pale. Nilijikuta nimeshamlaza, mguu wangu juu ya miguu yake, vidole vyangu puani kwake, na sauti iliyotoka kinywani mwangu ilikuwa yako: "Meza! Meza nikuone!"

Alipaliwa. Alikohoa mara moja, kisha hakukohoa tena. Midomo ikabadilika rangi, macho yakageuka. Mimi nilikaa nimemshika tu, mkono mwingine bado una tonge. Aliyemwokoa ni jirani yangu, Mama Halima, aliyesikia nikipiga yowe. Alininyang'anya mtoto, akamlaza kifudifudi pajani, akampiga mgongoni kwa kiganja mara nyingi, wali ukatoka na usipa mzima. Bupe akavuta pumzi. Unajua neno lake la kwanza baada ya kupata pumzi?

"Nimemeza, mama. Nimemeza."

Mama Halima alimfuta mdomo kwa kanga yake. Nilitaka anitukane.

Tulikwenda naye zahanati. Nesi alimpima, akasema kifua kiko salama. Kisha akaniuliza ilikuwaje, nikamweleza yote, sikuficha. Hakunigombeza. Alisema, "Wewe kazi yako ni kupika na kumwekea kwa wakati. Kiasi cha kula anakijua yeye. Ukimshindilia kila siku, mwisho hajui tena njaa wala shibe, anajua kukuogopa tu." Nikamwambia mbona amekonda. Akasema tuwe tunampeleka apimwe uzito, atatuambia pakiwa na hatari, lakini tusimpime kwa macho ya majirani. Halafu akauliza, "Na wewe ulilishwaje?" Nilikohoa, nikamwomba maji.

Basi siku hizi tunakula sinia moja, sisi watatu. Hakuna anayemtazama. Daudi anaongea habari za ghalani, vituko vya wapakiaji, mimi nakubali kila kitu huku nimekalia mkono wangu wa kushoto, ule uliobana pua. Usidhani ni rahisi. Wiki za mwanzo alikuwa anakula kama ndege, nami nilikuwa naosha vyombo mara mbili mbili. Sasa hatapiki. Shavuni hafichi kitu, mwalimu amesema anajibu maswali, hata kelele anapiga.

Alhamisi nilipika ndizi na maharage, zile mbalaga za kwetu. Alikula nusu ya upande wake, akaacha. Akasema, "Nimeshiba," akatazama mkono wangu. Hakuangalia uso, mama, aliangalia mkono.

Nikasema, "Haya, kanawe."

Hakuinuka. Akauliza, "Nikanawe kweli?"

"Kanawe."

Akaenda anageuka geuka, kama mtu anayepita mbele ya mbwa asiyemwamini. Alipofika nje nikala alichobakiza, nikalia mpaka Daudi akaondoa sinia mwenyewe.

Nilianza barua hii nikijiambia sikushitaki. Nimeisoma tena, naona nakushitaki. Nakushitaki pamoja na mimi mwenyewe, na wale wanawake wa msibani, kama bado wako hai. Sitakudanganya kwamba hasira imekwisha. Lakini pia najua ni wewe uliyeuza kitenge chako cha kanisani mwaka wa mafuriko ili tule, na wewe ukalala bila kula. Mambo hayo mawili nayabeba pamoja, na ni mazito.

Mwezi wa kumi na mbili tutakuja, Bupe na mimi, tukae pamoja siku zote, tuondoke pamoja. Utapika wewe, hakuna anayepika kama wewe. Lakini sahani yake usiiguse. Ukiigusa, siku hiyo hiyo narudi stendi ya Kyela. Na mtoto wa Sekela, yule anayeanza kutambaa, ambaye sasa ndiye anayelala mapajani pako: nakuomba kwa jina la Ambele, mwachie pua yake. Sekela anaogopa kukuambia. Ameniambia mimi.

Nisalimie shangazi, mwambie namshukuru kwa yale ya siku ya mpunga, na usimgombeze. Baba mdogo, ambaye najua anahangaika na kakao mbichi. Dada Sekela na shemeji. Mjomba wa upande wa Malawi akivuka, mwambie sukari yake ilifika. Mchungaji na kwaya ya akina mama, wote.

Bupe amekaa hapa anachora. Nimemwuliza nikuandikie nini. Ametoa kalamu mdomoni, akasema, "Mwambie bibi nampenda. Mwambie aje. Lakini asije wakati wa kula."

Nimeandika kama alivyosema.

Ndaga, asante, mama.

Mwanao,
Tusekile