Gari Lililokuja Kimya

3 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo na uchovu? Na mama je, amelala vizuri wiki hii? Sisi huku wazima, ila wazima wa kusukumwa. Sare za shule mbili zinatakiwa mwisho wa mwezi, mafundi wangu wawili wanaumwa, na shemeji yako amegundua kwamba akikohoa sana hatumwi dukani.

Furushi hili lina mashati arobaini ya kutiwa vifungo. Barua nimeiweka juu kama kawaida, maana kwenye simu mimi na wewe hatumalizi dakika tano bila kugombana.

Sasa sikia. Gari nimelichukua. Lile la zamani lilikata roho mbele ya benki, nikalishukuru, nikaliacha hapohapo. Hili jipya ni refu, jeupe la lulu, la watu saba, na ni haibridi, yaani linakula petroli na umeme, na ule umeme linajitengenezea lenyewe kila unapokanyaga breki. Siku ya kwanza nilibonyeza kitufe cha kuwasha, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Nikampigia muuzaji nikamfokea kwamba ameniuzia kabati. Kumbe lilikuwa limeshawaka, nami nikalizima. Likienda polepole injini haisikiki kabisa, utasema limevaa soksi.

Milango ya pembeni inajifungua yenyewe. Viti vya safu ya katikati ni viwili tu, vipana, vinalala mpaka miguu inanyanyuka, na vinakanda mgongo. Nilikijaribu kimoja nikasinzia kwenye maegesho ya sokoni, mlinzi akaja kugonga kioo akidhani nimezirai. Kasoro yake ni kwamba linapenda kusema. Ukikaribia ukuta linalia, ukivuka mstari linalia, ukiweka mkoba kwenye kiti linadai mkoba ufunge mkanda. Nina mume tayari, sikuhitaji wa pili. Na ngozi ya viti ni nyeupe. Aliyeibuni hajawahi kumpa mtu chai ndani ya gari.

Kiti cha katikati upande wa kushoto sijakitoa nailoni. Hicho ni cha mama. Shemeji yako alikikalia, nikamwinua.

Dada yako


10 Aprili

Dada,

Shikamoo. Shemeji anaendeleaje na kikohozi chake cha dukani? Sisi tunasukuma siku.

Hongera ya gari. Nilimsomea mama barua yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, gari lisilolia, mlinzi atajuaje kufungua geti? Unamjua mama. Miaka ishirini na sita mlinzi wa geti pale kiwanda cha sabuni, hakungoja honi hata siku moja. Sasa macho yake hayafiki hata kwenye geti letu, kichwa kinakuja na kuondoka, lakini masikio yako palepale. Anakaa dirishani, lori la maji likiwa bado konani anatangaza, "Huyo wa maji, silensa imetoboka." Kuna siku jina langu halipati. Silensa za watu anazijua zote.

Dada, nina neno. Ule uvimbe wa kitovuni niliokwambia ni gesi, si gesi. Ni henia. Daktari aliniuliza nanyanyua nini. Nikamwambia namnyanyua mama, kitandani, kitini, chooni, mara nane kwa siku. Akaweka kalamu chini. Operesheni ni tarehe 15 Juni, na baada ya hapo wiki sita nisinyanyue hata ndoo. Anasema nikichelewa utumbo unaweza kujinyonga humo, na hapo itakuwa habari nyingine kabisa.

Miaka minne sikukuomba. Leo naomba. Mchukue mama kwa hizo wiki sita. Nimechoka, dada. Nimechoka mpaka nikilala naota nimelala.

Mashati yamekwisha. Matatu yamepungukiwa vifungo.

Mdogo wako


17 Aprili

Mdogo wangu,

Pole, pole sana. Barua yako niliisoma nimesimama katikati ya karakana, mafundi wakazima mashine wakidhani kuna msiba. Mbona hukusema mapema? Hapana, usinijibu hilo.

Nitakuja Jumapili ya kwanza ya Mei, nimchukue mapema aizoee nyumba kabla hujaingia hospitali. Chumba cha chini nimekitoa vitambaa vyote, nimeweka na kiti cha kuogea. Gari nimelipima kwa ajili yake: sakafu iko chini, hatua ni moja tu, na kile kiti kinageuka kutazama mlangoni. Ataketi kwanza, ndipo ageuzwe. Sijarudi kituo cha mafuta tangu tarehe mbili, na kila siku natembea nalo.

Nikuambie jambo usimwambie mtu. Jioni nikirudi siingii ndani moja kwa moja. Naketi humo garini, uani, dakika ishirini hivi, bila redio. Hakuna anayesikia kwamba nimefika, basi hakuna anayeniuliza chakula, wala mkasi, wala hela ya nyuzi. Hiyo ndiyo raha kubwa niliyoipata kwenye gari hili, kuliko hata kukandwa mgongo.

Jiandae. Mwambie mama nakuja.

Dada yako


8 Mei

Dada,

Shikamoo. Huku wazima.

Jumapili mama nilimwamsha saa kumi na mbili. Nikamwogesha, nikamvalisha gauni la bluu, akakaa dirishani na mkoba mapajani. Mimi niko uani nafua shuka zake, ziwe safi za kuja nazo kwako. Kila gari lililopita alilitaja: wa maji, wa mkate, pikipiki ya mtu wa gesi. Saa nane akaniita. "Huyo mgeni wako hakuja." Nikamwambia si mgeni, ni mwanao. Akasema, "Basi mwanangu hakuja." Nikamvua gauni.

Simu yako ilikuwa imezimwa. Juzi furushi likafika, mashati sitini, nimelikung'uta mpaka chini, hakuna barua. Nimeshona vifungo mia nne na ishirini kwa hasira. Vingine nadhani havitatoka hata shati likichanika.

Zimebaki wiki tano. Nijibu.

Mdogo wako


15 Mei

Mdogo wangu,

Habari za huko? Natumaini mama hajambo.

Nisamehe. Asubuhi ile iliwaka taa ya manjano kwenye dashibodi, yenye picha ya betri, fundi akanikataza kulisafirisha. Simu nayo iliisha chaji. Tutapanga siku nyingine, nitakujulisha. Gari kwa jumla ni zuri.

Dada yako


22 Mei

Dada,

Shikamoo. Gari linajitengenezea umeme, na wewe mwenye gari unaishiwa chaji. Haya.

Jana nilipeleka viatu vya mama kwa fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Yule baba hana makuu, anashona huku anapiga soga. Akaniuliza, "Wageni wenu wa Jumapili ile mbona hawakushuka?" Wageni gani? Akasema gari refu, jeupe, linameta. Hakulisikia likija; aliinua macho kutoka kwenye soli akalikuta limesimama mbele ya geti letu. Mwanamke peke yake, mikono kwenye usukani. Kuanzia saa tano mpaka karibu saa sita. Alidhani anasubiri mtu. Halafu likaondoka.

Saa hizo mama alikuwa dirishani na mkoba wake, mimi nakamua shuka nyuma ya nyumba.

Kutoka getini hadi mlangoni ni hatua kumi na mbili, dada. Nimezihesabu jana na viatu mkononi. Ulishindwa nini?

Mdogo wako


29 Mei

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali, sina uso huo.

Ni mimi. Hakuna taa iliyowaka.

Unakumbuka mwaka jana nilipokuja, ukatoka kwenda duka la dawa ukaniacha na mama? Uliporudi ulinikuta nimeshika mkoba, nikasema nawahi. Nilikuwa nimemchana nywele. Nilipomaliza akanishika mkono, akasema, "Asante sana, mama. Una mikono mizuri. Wewe ni mgeni wa nani hapa?" Kwa heshima kabisa! Angenitukana ningevumilia. Nikamwambia mimi ni mwanao mkubwa. Akacheka, akasema, "Mwanangu mkubwa yuko shule, atarudi mchana."

Tangu siku hiyo natuma vitu. Nilituma kitanda cha kupanda na kushuka, nikatuma godoro la hewa, nikatuma redio. Ningeweza kulituma na hilo gari peke yake, ningelituma.

Jumapili ile nilimwona dirishani, amevaa bluu. Nikajua nikiingia atanikaribisha kama mgeni, atanitafutia kiti. Nikabaki nimeshika usukani. Lile gari la zamani lingenitoa aibu. Lingeunguruma, mama angelitaja, wewe ungetoka na sabuni mikononi unanisema, nami ningeingia tu. Hili halikusema kitu. Siku zote linapiga kelele kwa ajili ya mkoba, siku hiyo likanyamaza, likaniacha nigeuze niondoke. Njia nzima nililia, nikavuka mistari yote, likalia na mimi.

Naona aibu. Ukitaka usiniandikie tena, tuma mashati tu, nitaelewa.

Dada yako


5 Juni

Dada,

Shikamoo. Furushi hili hapa, na barua hii hapa.

Unataka kujua mimi ananiitaje? Jumatatu nilikuwa binti wa zamu ya usiku kiwandani. Jumanne nilikuwa mwizi wa sabuni, akanipekua mpaka mifuko ya ndani. Jana alinijua, robo saa nzima, akaniuliza mbona nimekonda hivi, nikaanza kumjibu, nikakuta ameshaondoka. Wewe uliulizwa mara moja ni mgeni wa nani, ukakimbia mwaka mzima. Mimi naulizwa kila asubuhi, kisha namwogesha.

Sikuandikii ili nikuumize. Nimechoka hata kuumiza mtu. Tumbo sasa linauma hata nikicheka, na zimebaki siku kumi. Sihitaji mama akujue. Nahitaji mtu wa kumnyanyua.

Jumamosi tarehe 13, saa nne. Geti litakuwa wazi. Usiposhuka, nitaghairi operesheni, niendelee kunyanyua mpaka litakalokuwa liwe. Na usinitumie tena kitu chochote.

Mdogo wako


19 Juni

Mdogo wangu,

Kidonda kinaendeleaje? Mke wa fundi viatu ameniambia kwenye simu kwamba umeanza kutembea mpaka mlangoni na kurudi, na kwamba unajaribu kufagia. Acha ufagio. Furushi la leo halina shati hata moja, lina gauni la kulalia na sabuni ya kunukia. Ukishona humo kitu chochote nitajua.

Hizi siku sita nimejua mengi. Mgongo sina. Jana nilimnyanyua mara tisa, ya tisa tukaangukia kitandani wote wawili, tukacheka mpaka shemeji yako akaja mbio na kikohozi chake. Mama hakujua anacheka na nani, lakini alicheka. Na mimi ndiye niliyekuwa nakuandikia habari za kiti kinachokanda mgongo, wewe ukazisoma bila kunitukana. Ungenitukana. Gari nalo limekwisha weupe: kuna chai, kuna dawa ya kifua, na kuna doa jingine ambalo sitaliandika.

Safari ya kumleta mama Jumamosi ile sijakusimulia. Ulikuwa umeshakimbilia ndani, ukidhani sikuona machozi.

Nilipomgeuza na kile kiti akaniangalia juu mpaka chini. "Dereva, umesaini kitabu cha getini?" Nikamwambia nimesaini. Tukaondoka. Hatujafika hata konani akasema, "Dereva, gari limezima. Tunasukumwa na nani?" Nikamwambia ni umeme, mama. Hakuniamini. "Hao watu wape maji," akasema, "tunawachosha." Basi nikawa dereva. Nilikuwa nimeogopa mwaka mzima, kumbe kazi yenyewe ni hiyo, kuitikia unachoitwa.

Tulipoingia barabara kuu akaanza soga. Akaniuliza kama nina watoto. Nikasema wawili.

"Mimi pia wawili, wasichana. Mdogo ana nguvu, huyo ukimwacha porini atarudi na kuni. Mkubwa ndiye roho nyepesi. Ukimkaripia kidogo anajifungia bafuni kulia, akitoka anasema alikuwa anaoga. Na nywele kavu!"

Nilipangusa macho. Nilikuwa naitafuta barabara.

"Ukimwona," akasema, "mwambie asiogope. Aje tu anichukue."

Nikamwambia, "Nitamwambia, mama. Nadhani yuko njiani."

Kwenye kioo nikaona amefumba macho, nikadhani amelala. Halafu akanyoosha mkono akanigonga begani.

"Basi endesha polepole, tusije tukapishana naye."

Niliendesha polepole, mdogo wangu. Hata malori yalitupita.

Dada yako